Muziro Ambao Mwanangu Hakuula

Nasema waziwazi: wifi yangu simpendi, na asije mtu kunisuluhisha naye.

Binti yangu alikuwa na miaka saba mabaka meupe yalipomtokea magotini na pembeni mwa macho. Daktari wa ngozi hapa Bukoba mjini akaniambia ni vitiligo: kinga ya mwili inashambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haiambukizi, wala hailetwi na chakula. Akatupa dawa ya kupaka, akasema tuwe na subira ya miezi. Tena ngozi isikwanguliwe, maana penye jeraha baka jipya linaweza kutokea.

Likizo ilipofika tukaenda Izimbya, kwa ukoo wa mume wangu. Wifi alimgeuza mtoto huku na huku kama anakagua mbuzi wa kununua, kisha akatangaza mbele ya watu kwamba nimemlisha kamongo. Samaki huyo ni muziro wa ukoo wao, mwiko wanaozaliwa nao, na wanasema anayemla ngozi humgeuka. Kamongo! Hajawahi kuingia jikoni kwangu. Nikamweleza maneno ya daktari. Akacheka, akasema madaktari wa mjini hawana ukoo.

Kesho yake nilikwenda sokoni. Niliporudi nikamkuta mwanangu kibanjani, kati ya migomba, magoti yanachuruzika damu. Wifi alikuwa amemsugua kwa majani makavu na majivu, huku akimlazimisha akiri. Nilimtukana tusi ambalo silijutii hadi leo. Tukaondoka siku ileile.

Vidonda vilipona, vikaacha weupe mpana kuliko ule wa kwanza. Kwenye macho, ambako mkono wa wifi haukufika, rangi ilikuwa imeanza kurudi.

Baada ya miezi michache akaja kwetu mjini, Miembeni, bila hata aibu. Macho yake yakaenda moja kwa moja magotini.

"Si nilisema? Muziro unamtafuna!"

"Wifi, hiyo ni kazi ya mikono yako," nikamwambia. "Toka kwangu."

Hakutoka. Akamwita mtoto asogee amtazame vizuri. Nikasimama katikati yao, lakini mwanangu akanipita pembeni. Akavuta gauni hadi chini, akapiga magoti mbele ya shangazi yake kama tulivyomfundisha kusalimia wakubwa.

"Nilikula, shangazi," akasema. "Nilikula kamongo. Usinisugue tena."