Anwani ya Elina Ilivyowashinda Wahuni

Kila nikipita Tunduma namkumbuka Elina, yule binti wa intaneti kafe. Mwaka 2013 tovuti yake iliwajulisha wake wa madereva ni malori gani yamevuka mpaka. Basi wahuni wakaimiminia maswali ya uongo kompyuta yake iliyotunza anwani ya tovuti na kuwaelekeza wanaoitafuta. Ikazidiwa, akina mama wakakosa habari. Elina akawaomba ndugu zake wa Vwawa na Nakonde waitunze anwani hiyo nao kwenye kompyuta zao.

"Wakituvamia wote je, dada?" akauliza Dennis wa Nakonde.

"Tutaanguka wote, mdogo wangu. Lakini watatoka jasho!"

Wahuni wakarudi. Kompyuta ya Tunduma ikakwama, ya Nakonde ikajibu. Mama mmoja, Mwamvua, akapiga vigelegele: lori la mumewe limevuka. Vigelegele vile, nilivyovisikia mwenyewe pale kafe, bado navitamani.