Unyayo Ulioteremka Mlima

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya barabara pale Musoma, Mkuu wa Maabara hakunikaribisha. Alinipa nyundo na bonge la lami lenye ukubwa wa ngumi, akasema nipige. Nikapiga, likapasuka vipande kama chungu. Akatoa bonge la pili, akaliweka dirishani, na juu yake akaweka kokoto moja nyeupe aliyoiokota nje.

"Hili ni gumu au ni majimaji?" akaniuliza.

"Gumu, mzee."

"Haya. Usiliguse. Tutaongea mvua zikiisha."

Nilimwona mtu wa vituko. Jioni nikamwambia dada yangu, niliyekuwa nikiishi kwake Kamunyonge, kwamba nimeajiriwa na mzee anayechezea mawe. Lakini kila asubuhi nililiangalia lile bonge, na kila asubuhi nililikuta vilevile. Hakuna hata siku moja niliyoliona likisogea. Mvua zilipoisha lilikuwa limelala kama chapati, na kokoto haikuwepo. Ilikuwa ndani, na juu yake hapakuwa na hata tundu. Niliogopa kidogo, nasema kweli, na Mkuu wa Maabara aliona akacheka.

"Lami ni majimaji yenye subira, Nyanjige," akasema. "Kazi yako ni kujua subira yake inaisha wapi."

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mmekuta kompyuta zinawafanyia hesabu, basi niwaeleze tulivyokuwa tukiifanya. Lami ya barabara kuu huchanganywa na polima, kitu cha jamii ya mpira, ili ikisukumwa na tairi irudi mahali pake. Sisi tulikuwa tukipima inarudi kiasi gani. Unachukua tone la lami la upana wa sarafu, unalibana kati ya visahani viwili vya chuma, na unalipasha hadi lifikie joto la barabara saa saba mchana. Mashine inalisokota kwa sekunde moja, kisha inaliachia kwa sekunde tisa. Inarudia hivyo mara kumi kwa mzigo mdogo, halafu mara kumi kwa mzigo mkubwa, unaozidi ule wa kwanza mara thelathini na mbili.

Kilichorudi unakiandika. Kisichorudi unakiandika pia, na hicho ndicho cha kuogopa. Mwisho unalinganisha kisichorudi kwa mzigo mdogo na kisichorudi kwa mzigo mkubwa. Tofauti ikizidi kiwango, tunasema lami hiyo ina unyeti wa mkazo. Kwa lugha ya kawaida, inamstahi mwenye pikipiki na kumsaliti mwenye lori.

Zile sekunde tisa sikuzizoea mpaka nastaafu. Feni imezimwa ili upepo usiharibu joto, chumba kimya, hakuna anayegusa kitu, na mstari kwenye skrini unarudi wenyewe polepole, kama mtu aliye usingizini anavyouvuta mguu wake chini ya shuka. Wenzangu walikuwa wakitoka nje kupiga soga. Mimi nilikaa, nikahesabu.

Mkuu wa Maabara alikuwa na sheria moja tu iliyomtoa mishipa ya shingo. Chini ya kila fomu ya majibu kuna safu ya maoni. "Namba inajibu ulichoiuliza tu," alikuwa akisema. "Ukiona jambo jingine, liandike hapa. Usiniachie safu tupu wakati umeona jambo." Alistaafu akarudi kwao visiwani, na mimi nikahamishiwa Bunda, kwenye maabara ya mradi, makontena mawili ya bati kando ya mashamba ya pamba. Mkubwa wangu huko alikuwa Mhandisi Mkazi, mtu mpole, msomi, asiyepandisha sauti.

Siku moja lilikuja tangi la lami ya kutandazwa kwenye mlima mmoja kati ya Bunda na Butiama. Nikapima. Kwa mzigo mdogo ilirudi karibu yote, sijawahi kuona lami nzuri vile. Kwa mzigo mkubwa ilienda, na zile sekunde tisa zikapita mstari umelala tu. Nikarudia mara tatu. Nikapeleka fomu.

Mhandisi Mkazi akaisoma taratibu. "Kila mzigo peke yake uko ndani ya kiwango. Sivyo?"

"Ndiyo, mhandisi. Ila tofauti yake ni kubwa mno."

"Tofauti ni kubwa kwa sababu namba ya kwanza ni ndogo sana. Unagawanya kwa kitu kidogo, jibu linavimba. Ni hesabu tu, Bi Nyanjige, si barabara. Andika imefaulu."

Alichosema hakikuwa uongo. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba mara nyingi huwa kweli. Lakini mlima ule nilikuwa naujua, malori yanaupanda yakiwa yamejaa pamba na ng'ombe, kwa mwendo wa mtu anayetembea, tena saa za jua kali. Nilitakiwa kuandika mstari mmoja tu kwenye safu ya maoni. Nikaandika imefaulu, nikasaini, na ile safu nikaiacha tupu. Sikulazimishwa na mtu. Niliona haya kubishana na msomi.

Barabara ikakamilika, watu wakaifurahia. Katika kipindi cha uangalizi nilipewa kuikagua, na nilikuwa nikiukagua ule mlima mchana, kwa kuwa lami husema ukweli ikiwa na joto. Ndipo nilipomkuta Wakuru. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amesimama pembeni mwa barabara na kanga kichwani, anatazama chini. Nilipanda, nikashuka, bado yupo palepale. Malori yakimpita hata hasogei.

"Dada, umepoteza kitu?" nikamuuliza.

"Hapana mama. Namwangalia mume wangu."

Nikageuka kutafuta mume. Akaninyooshea kidole ukingoni mwa lami. Palikuwa na unyayo wa buti, umezama vizuri, kisigino chake kimemeguka upande wa ndani. Ncha yake ilielekea kwenye mteremko.

Akanieleza bila machozi. Mumewe, Masatu, alikuwa mvuvi kutoka vijiji vya rasi, kule ziwani. Alikuja kukaa kwao mke ili apate kibarua cha kutandaza lami. Siku ya mwisho ya kazi aliikanyaga lami kabla haijapoa, msimamizi akamfokea, wote wakacheka. Miezi minne baadaye alirudi ziwani na hakuonekana tena. Mtumbwi uliokotwa, shemeji zake wakauleta mwalo wa Mwigobero. Yeye hakuokotwa.

"Shemeji zangu wanataka tumalize msiba," akasema. "Mimi nawaambiaga bado. Nitamalizaje msiba wa mtu anayetembea?"

"Anayetembea vipi?"

"Angalia mawe."

Kando ya lami, kwenye udongo, alikuwa amepanda mawe matatu. La kwanza, akasema, alilipanda sawasawa na kisigino mwezi ule habari zilipofika. La pili msimu uliofuata, la tatu juzi juzi. Kati ya jiwe na jiwe palikuwa na shibiri nzima. Na kisigino chenyewe kilikuwa kimeshalipita jiwe la tatu.

"Anateremka," akasema Wakuru. "Anaelekea ziwani. Kila nikija nakutaga ameshaondoka nilipomwacha."

Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo, na ninao ulimi mkali, wanaonijua wanajua. Nilitaka kumwambia kwamba mvua imesogeza mawe. Nikachuchumaa na tepu, nikapima kutoka nguzo ya kilomita, ambayo imejengewa zege na haiendi popote. Kisha nikainua macho kuangalia mstari mweupe wa katikati. Ulikuwa umejikunja kama tumbo, kwa urefu wa hatua arobaini, na mara zote nilizopita pale sikuwa nimeuona. Lori likapanda likiunguruma, na mkono wangu ukiwa juu ya lami nikahisi tabaka zima likisukumwa nyuma chini ya kiganja, taratibu, likabaki lilipofika. Nywele zilinisimama. Masatu alikuwa akitembea kweli, na mimi ndiye niliyempa ruhusa.

Nilirudi kwenye kontena nikalitafuta kopo la sampuli ya akiba ya tangi lile. Nikapima tena. Majibu yakawa yaleyale, namba kwa namba. Nilikaa mbele ya mstari uliolala nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Yule mama hakuwa na mashine wala cheti. Alikuwa na mawe matatu, na vipimo vyake vilikuwa vya kweli kuliko vyangu.

Jambo lenyewe sasa lilikuwa hivi. Chini ya mlima kuna kona na kalavati. Tabaka lile lingeendelea kuteremka, lingejikusanya kuwa tuta kwenye kona, na siku moja basi lililojaa watu lingeliparamia. Nikiandika ukweli, mlima wote ungekwanguliwa na mashine ya kukwangua lami, pamoja na unyayo. Nisipoandika, Wakuru angebaki na mumewe, na mimi ningebaki na jina langu safi.

Nilimfuata kwake, nyumba ya bati chini ya mlima, nikamweleza yote, pamoja na ile safu tupu. Alinisikiliza akichambua dagaa. Sikujua kama atanifukuza.

"Kwa hiyo anayemtembeza si yeye," akasema.

"Ni malori, dada. Na lami niliyoipitisha mimi."

Akauweka ungo wa dagaa chini. "Na hiyo kona, wanangu wanapitaga hapo kwenda shule. Andika mama. Ila msimsage. Mkimsaga nitakulaumu mpaka kufa."

Mhandisi Mkazi aliposoma taarifa yangu hakukasirika. Alivua miwani. "Watauliza kwa nini hukuandika mwanzo."

"Nimeshawajibu, mhandisi. Sababu iko kwenye safu ya maoni."

Nilipewa barua ya onyo na kurudishwa Musoma kuchekecha kokoto, kazi ya wanaoanza. Sikulalamika. Lakini kabla mashine ya kukwangua haijapanda mlima, fundi wa msumeno wa kukatia lami alinifanyia hisani. Alikata bamba la mraba kuzunguka unyayo, na wanaume wanne wakalibeba mpaka kwa Wakuru, kimya kama wamebeba jeneza. Aliagiza walilaze sakafuni, chumba cha ndani, ncha ya kiatu ielekee ziwani. Shemeji zake walisema sasa na wazike hilo bamba msiba uishe. Alikataa. Alisema hatamfukia mtu aliyenyanyua mguu nusu.

Miaka ikapita. Mlima ulitandazwa lami nyingine, na nilisikia mstari wake mweupe umenyooka mpaka leo. Nilistaafu, nikajenga vyumba viwili Nyasho, na watu wa mtaa wakawa wananiita Mama Lami, jina ambalo silipendi ila naliitikia. Kisha Wakuru akanipigia simu. "Njoo uone," akasema. "Njoo mchana, kama ulivyokuwaga unakuja."

Nilimkuta amezeeka, na yeye akaniambia nimezeeka. Tukaingia chumba cha ndani. Bati lilikuwa likitoa joto, na bamba lilikuwa palepale, jeusi, limefunikwa kanga. Akaifunua.

Unyayo haukuwepo. Nilipiga magoti nikapitisha kiganja. Ncha ya kiatu ilikuwa imejaa, katikati pamejaa, uso wa lami ni sawasawa kama haijawahi kukanyagwa. Bamba lenyewe halikuwa limesogea wala kuyeyuka, kingo zake zilikuwa bado kali kama siku lilipokatwa.

"Nimekaa naye kila siku," akasema. "Sijamwona akiutoa mguu. Hata siku moja."

Nilimwambia nilichokijua. Kwamba lami ile kwa mzigo mdogo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopima, na ilikumbuka ilivyokuwa. Kwamba mashine yangu iliipa sekunde tisa tu za kupumzika, na yeye ameipa miaka, kwenye joto, bila kuikanyaga. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya maabara, lakini nywele zilinisimama vilevile kama siku ile mlimani.

"Na kinachorudi kinarudi wapi?" akauliza.

"Mahali kilipokuwa kabla hakijasukumwa."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akanishika kidole changu cha shahada, kama unavyomshika mtoto, akakipeleka upande wa nyuma wa bamba. Palikuwa na kishimo kidogo, ukubwa wa nusu ya kiganja, kimemeguka upande wa ndani. Kisigino. Hapo ndipo uzito wote wa Masatu ulipokaa siku ile alipogeuka kumcheka msimamizi.

"Na hapa?" akasema. "Nikingoja, patarudi?"

Nilijua alichotaka nimwambie, na nyumba ile haikuwa na mhandisi wa kunisemea.

"Hapana dada," nikasema. "Hapo hapatarudi tena."

Wakuru alikaa chini sakafuni. Alikitazama kile kishimo kwa muda, akakifunika kwa kanga na kuitandaza vizuri pembe zote nne.

"Basi," akasema. "Nisaidie kuwapigia shemeji zangu. Waje tuzike."