Ugali kwenye Bomba la Mkwe

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi bomba Ruangwa, na kwa kujisifu sikuwa na mpinzani. Nikapeleka posa Nachingwea. Baba wa binti, mwalimu mstaafu, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba nyumba yake ya zamani inahitaji valvu mbili. Nikaelewa kwamba huo ndio mtihani wangu.

Valvu ya kwanza ilikuwa ya nyuzi, ya kukaza kama skrubu kwenye bomba la chuma linaloingia uani. Hiyo naifunga hata nikiwa nasinzia. Nikazungusha katani kufuata nyuzi, nikapaka rangi ya mafuta, nikakaza kwa spana mbili. Bibi wa mchumba wangu alikuwa mkekani akimenya muhogo, ananitazama. Kwa kuwa nilikuwa mjukuu mtarajiwa, alikwisha kuniita mume.

"Hizo nywele umezisuka vizuri, mume wangu. Ukimaliza uje unisuke na mimi."

Valvu ya pili ilikuwa ya jikoni, na huko mabomba yalikuwa ya shaba, ya kulehemu. Kulehemu nilikuwa nimewahi kuona mara mbili tu, lakini hilo sikumwambia mtu. Nikasugua ncha mpaka zikang'aa, nikaifungua valvu ili moto usiunguze mpira wake, nikawasha pampu ya moto ya kulehemia. Lehemu ikagoma. Mgao wa maji ulikuwa bado, ila maji yaliyobaki bombani yalikuwa yanadondoka tone moja moja, na bomba lenye maji halipati moto. Fundi aliyenifundisha aliwahi kusema: ziba kwa nyama ya mkate, baadaye itayeyuka yenyewe. Mkate haukuwepo. Ulikuwepo ugali wa muhogo, kiporo cha jana.

Anayeujua ugali wa muhogo ameshaanza kunicheka. Mimi nilishindilia donge zima. Lehemu ikashika vizuri, nikajipongeza. Mgao ulipofika, bomba la uani likatetemeka, nikaenda kufungua koki ya jikoni. Kimya. Ugali ulikuwa umeokwa mle ndani ukawa tofali.

"Umelilisha bomba likashiba, mume wangu," bibi akasema. "Sasa limelala."

Hapo baba mkwe akarudi kutoka swala ya alasiri. Akafungua koki, akaifunga, akanitazama. Maneno "mgao bado, baba" yalikuwa tayari mdomoni mwangu, na Nachingwea nzima ingeyaamini. Bibi akaacha kumenya. Sijawahi kuogopa mtu kama nilivyomwogopa yule mzee siku ile.

"Mgao umefika, baba. Ni mimi nimeziba. Kwa ugali."

Hakucheka.

"Fundi aliyekutangulia aliniambia mgao bado. Nikamwamini siku nne."

Akatoka nje. Nikaanza kukusanya spana zangu, moyo umevunjika, nikijua narudi Ruangwa kapera. Mara akaingia ameshika spoku aliyoichomoa kwenye baiskeli yake mwenyewe.

"Zibua," akasema. "Ukimaliza, kawalete wazee wako."

"Na waje wameshiba," bibi akadakia. "Ugali wetu umemalizwa na bomba."