Supu ya Nyongo Mjini Vigan

Truphena Ooko aliuza supu ya mbuzi Kiamaiko, mtaa wa wauza mbuzi jijini Nairobi, hadi magoti yakamwambia basi. Alipopumzika, binti yake Jacklyne, anayefanya kazi Manila, alimwalika Ufilipino watembee pamoja bila haraka. Wakafika Vigan, mji wa kale wenye barabara za mawe na magari ya kukokotwa na farasi. Truphena alipapasa kuta nene za nyumba zile, akafurahi, kisha pua yake ikamwelekeza kwenye kibanda cha chakula.

"Mama, hiyo ni supu ya matumbo ya mbuzi, na wanaitia nyongo," Jacklyne alimwonya. "Wageni wengi huiacha."

"Kwa mbuzi mimi si mgeni," Truphena akajibu, akaketi.

Supu ilikuwa chungu, yenye tangawizi kali. Akamaliza bakuli, akaomba la pili. Mwenye kibanda, mama aliyeitwa Luzviminda, alicheka, akamvuta jikoni. Jacklyne akawatafsiria mpaka wakaanza kuelewana kwa mikono tu.

Kesho yake walipaswa kwenda ufukweni. Truphena alikataa. Alifunga leso kiunoni, akapika supu ya Kiamaiko kibandani kwa Luzviminda, na wenyeji wakapanga foleni.

Bahari waliiona siku iliyofuata, Luzviminda akiwa nao.