Mtamba Aliyekuja na Kadi

Wazee wa upande wa msichana aliyechumbiwa na kaka yangu walimkataa mtamba wetu, ng'ombe jike wa mahari ambaye bado hajazaa, kwa sababu hakuwa na baba. Alikuwa na afya, mrefu kuliko mamake, na bila yeye kaka yangu asingeoa.

Mambo yalianza mapema miaka ya sabini, baba alipompeleka ng'ombe mdogo wa kienyeji akapandishwe karibu na soko la Ekerenyo. Mtu wa mifugo alifika kwa pikipiki, na chupa ya mbegu za fahali na glavu ya kufika begani. Nyanya, mwenye ng'ombe, alimwuliza kama mkewe anaijua kazi hiyo. Alijibu kwamba mkewe anajua ameajiriwa na serikali.

Ndama aliyezaliwa, ndiye mtamba wetu, alikuwa mkubwa mno. Wanaume wanne walimvuta kwa kamba, na mamake akalala chini siku tatu, nyanya akimlisha majani ya viazi kwa mkono.

"Ulimwuliza huyu ng'ombe?" nyanya akasema.

Baba akajibu kwamba hata fahali haulizi.

"Fahali humfuata siku nzima. Huyo wako alishuka tu kwenye pikipiki."

Kwetu ng'ombe wa mahari hutajwa ukoo: huyu alizaliwa na yule aliyeletwa na mahari ya shangazi fulani. Ndama alipokuwa amekua na wazee wakaja kukagua, kama baba angenyamaza tu, mtamba angepita kwa umbo lake. Lakini alijivuna, akatoa kadi aliyoachiwa na mtu wa mifugo, yenye namba ya fahali.

"Fahali mwenyewe yuko wapi?" akauliza baba mkubwa wa msichana.

"Karibu na Nairobi, mkwe. Hajawahi kufika huku."

"Kwa hiyo huyu alikuja kwa posta."

Wenzake walicheka hadi wakaweka chini vibuyu vya uji. Yeye hakucheka. Alisema hawezi kuingiza bomani ng'ombe ambaye nusu ya ukoo wake ni karatasi, na ambaye ndama wake huenda naye akahitaji kuvutwa kwa kamba, maana habari hiyo ilishafika kwao.

"Tupeni mamake," akasema. "Huyo tunajua alikotoka."

Nyanya akasema ng'ombe wake ameshateswa vya kutosha kwa ajili ya mipango ya wanaume.

Wazee waliondoka bila kukubali wala kuvunja uchumba. Nilipokuwa narudi shuleni, kaka alikuwa amemwomba nyanya amtoe yule ng'ombe mdogo, na alikuwa akimkatia nyasi ng'ombe huyo kila asubuhi, nyanya akimtazama, bado hajamjibu ombi lake.