Tukutuku ya Baba na Wazee wa Njia ya Isenga

Nyumba yetu ya Kanyenye ilinuka petroli iliyochanganywa na oili, na mimi niliipenda harufu ile kuliko udi uliofukizwa katika maduka ya Waarabu mtaani kwetu. Ilishika katika koti la baba, katika taulo, hata katika ugali wenyewe, maana mama alikuwa hawezi tena kukaa jikoni, na mpishi nilikuwa mimi, niliyekuwa pia mshika faneli baba alipojaza tangi la pikipiki yake. Ilikuwa kiangazi, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Mchanga wa Tabora ulikuwa umekauka ukawa kama unga, upepo wa adhuhuri ukiuingiza ndani kwa chini ya mlango, nami nikiufagia asubuhi na jioni huku nikijiambia kwamba mwaka huu mambo yetu yatakaa sawa. Nilikuwa na umri wa kuamini jambo kwa sababu tu ninalitaka.

Mama alikuwa na kifua kikuu. Hospitali walimlaza, wakamchoma sindano, halafu daktari akamruhusu arudi nyumbani, na baba, kwa kuwa alikuwa dresa, yaani mhudumu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, alielewa maana ya ruhusa ile bila kuelezwa. Kazi yake ilikuwa katika zahanati ndogo ya Isenga, kijiji kilichokuwa kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita babu zetu na meno ya tembo mabegani. Kwa baiskeli ilikuwa safari ya kumchosha mtu kabisa, kwa sababu ya mchanga: unapanda kidogo, unashuka unasukuma, unapanda tena. Kwa hiyo baba alilala hukohuko Isenga, akawa anarudi kwetu Jumamosi. Aliomba uhamisho, akaambiwa asubiri. Mama hakuwa mtu wa kulalamika, lakini jioni moja, akiwa ameegemea ukuta, aliniambia, "Teresia, mimi sitaki dawa nyingine. Nataka baba yako awe hapa taa zinapowashwa." Hakuomba zaidi ya hapo, na nyumba nzima, yaani sisi watatu, tukawa na haja hiyo moja tu.

Tukutuku, kama tulivyoziita pikipiki wakati ule kwa mlio wake, ilitoka kwa Bwana Salim, mwenye duka la vitambaa. Baba alikuwa amemuuguza mama wa Bwana Salim kidonda cha mguu mpaka kikapona. Mtoto wa Bwana Salim alikuwa ameshanogewa na lori, tukutuku akaiacha uani, kuku wakilala juu yake. "Chukua, dresa, ikupeleke kwa mkeo," Bwana Salim alisema, na baba akaikokota mpaka kwetu huku akitabasamu peke yake barabarani. Pikipiki kubwa za maofisa nilikuwa naziogopa, zilipita zikinguruma na kutumwagia vumbi. Hii ilikuwa nyembamba, ina pedali kama baiskeli, na mtu mzima akiikalia miguu yote miwili ilifika chini. Ikizama mchangani, mtu mmoja aliweza kuiinua. Ilikunywa petroli kidogo sana, na ikizimika ulipiga pedali ukaendelea na safari, umechekesha watu lakini unakwenda. Hata kuanguka kwake kulikuwa kudogo. Watoto wa mtaani walisema inakohoa kumshinda mama yangu, na mmoja wao nilimzaba kofi kwa maneno hayo, ila moyoni niliiona ni chombo cha watu kama sisi.

Aliyemfundisha baba ni jirani yetu Chiwanga, Mgogo, fundi wa karakana ya reli. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo alikuwa na haki ya kumtukana baba hadharani, naye hakuibakiza hata kidogo. Kila Jumapili baada ya misa walikwenda kwenye uwanja wa mpira, kibao chenye herufi nyekundu ya mwanafunzi kikining'inia nyuma kwa waya, nasi tukafuata. "Ninyi Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo!" Chiwanga alipiga kelele akikimbia kando yake. "Leo mzigo unakubeba wewe, ndiyo maana unatetemeka!" Baba alianguka, akapangusa magoti, akapanda tena. Mama tulimkalisha kwenye mkeka pembeni, akacheka mpaka akashika kifua, na sisi wote tukasubiri amalize kukohoa. Siku ya mtihani baba aliyazunguka mapipa mbele ya polisi bila kugusa hata moja, akapewa leseni. Jioni ile nilipika wali, na mama alikula vijiko kadhaa mbele yetu.

Jumatatu ya kwanza nilimwashia mama taa mapema, tukakaa tukitega sikio. Taa iliwaka, chakula kikapoa, mama akasinzia akiwa ameketi. Baba aliingia giza limeshakuwa zito, amelowa jasho, tukutuku akiisukuma. Nilidhani imeharibika, kumbe ilikuwa nzima. Njia ya Isenga ilikuwa njia ya wazee, wengine wao waliopagaa mizigo mpaka pwani, na kwa wazee wale mtu aliyewapita bila kusimama na kutoa habari alikuwa amekimbia ndui au amemwibia mkuu wa msafara. Baba alilelewa katika adabu hiyo. Kila alipomwona mzee mbele yake, alizima injini, akashuka, akavua kofia, akainama na kumwamkia. Salamu za Kinyamwezi nazo si neno moja: utaulizwa umeshindaje, watoto, ng'ombe, mvua, waliokufa na waliozaliwa, nawe uulize vivyo hivyo, bila haraka. Injini ndogo ile ikishapata joto na kuzimwa haikuwaka tena mpaka ipoe vizuri. Pedali peke yake haikufua dafu mchangani, basi alisukuma mpaka ikubali kuwaka, na ikikubali, mbele kuna mzee mwingine.

Chiwanga alikasirika kweli, utani ukaisha mdomoni. "Wapungie mkono upite!" alimwambia.

"Nimpungie mzee mkono kama ninayefukuza nzi?"

"Basi wasalimie injini ikiwa inawaka."

"Nimpigie mzee kelele usoni?" baba aliuliza, na alikuwa anauliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kusaidiwa.

Alijaribu. Najua alijaribu, kwa sababu siku moja alifika jua bado lipo, na mama akanyoosha mikono yote miwili kumpokea. Usiku wote wa siku ile baba hakuwa na raha. Alisema amempita mzee mmoja, Mzee Nkumbi, aliyekuwa ameketi penye kivuko cha kijito, na mzee amesimama kwa shida akishika fimbo yake ili aitikie salamu ambayo hakupewa. Kesho yake alianza tena kushuka. Mama hakumlaumu hata mara moja. Mimi nilimlaumu, kimyakimya, kila nilipowasha taa.

Mvua za kwanza zilianza wiki ambayo mama aliacha kula. Asubuhi ile baba alitaka asiende, lakini zahanati ilikuwa na wagonjwa na yeye hakuwa na mtu wa kumshikia kazi, na mama mwenyewe alimwambia, "Nenda, ila leo wahi." Mchana hali ikabadilika. Chiwanga alimpa ujumbe dereva wa lori lililokuwa likielekea huko, na baba aliupata mapema tu, akaacha kila kitu akapanda tukutuku. Kwa kipimo chochote angefika jua halijatua. Nilikaa nimemshika mama mkono, ambao ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Aliniuliza kama ninasikia kitu. Nilimwambia nasikia, inakuja, nayo haikuwa inakuja. Niliwasha taa. Aliitazama, halafu akautazama mlango, na akakata roho macho yakiwa mlangoni. Baba alifika muda mfupi baadaye, amejaa matope mpaka kiunoni, anasukuma.

Siku ya pili, msiba umeshajaa watu, Mzee Nkumbi alifika kutoka kwenye kijito chake, ametembea tangu alfajiri kwa miguu yake mibovu. Watu walimpisha akaketi. Alimshika baba mkono, akawageukia waombolezaji, akasema kwa fahari kubwa, "Huyu ni mtoto aliyelelewa. Jana alikuwa na haraka, nilimwona uso wake. Lakini alizima chombo chake, akashuka kwenye matope, akaniamkia vizuri, akaniuliza habari zangu zote." Chiwanga, ambaye kwa mila ndiye aliyepaswa kutuchekesha wafiwa, aliinuka akatoka nje. Baba aliinamisha kichwa na kusema, "Asante, baba." Nilimchukia mzee yule kwa chuki ambayo sikuwa najua kwamba ninayo, nikaichukia shikamoo yenyewe, na mpaka leo sijui kama nimeacha.

Tukutuku ilirudishwa kwa Bwana Salim. Uhamisho ulikuja, lakini baba alikataa, akaenda kukaa Isenga moja kwa moja, na mimi nikapelekwa kwa shangazi huko Urambo. Hatukuwahi tena kulala chini ya paa moja zaidi ya siku chache. Alizeeka akiheshimiwa na njia nzima, na alipokufa alizikwa na umati mkubwa, wengi wao wakisifu adabu yake.

Sasa Tabora imejaa pikipiki ndogo. Vijana hujifunza asubuhi, jioni wanabeba abiria, na barabara ya Isenga, iliyotiwa lami, huimaliza kabla sijamaliza kufunga kitenge changu vizuri. Wanatupita wazee bila hata kugeuza shingo. Wenzangu wa jumuiya hulalamika kwamba dunia imeharibika, nami huwasikiliza, lakini nikisimama kando ya barabara na vijana wakanipita kwa kasi, huwa nawaombea tu wafike. Mwaka jana mmoja, mwembamba, amefunga mkate na chupa ya dawa nyuma ya kiti, aliniona, akapunguza mwendo, akazima pikipiki na kushuka. "Shikamoo, bibi," akasema. "Habari za nyumbani?" Nilimwambia nyumbani kwangu hakuna mtu, nikampigia kelele awashe aende kwake, nikamsukuma begani kwa mikono miwili mpaka akapanda, na alipokuwa akiondoka alinitazama kwa hofu.