Mishubiri ya Masereka

Enzi zetu pale Rukoki, mtu aliyeonekana akimwagilia ua maji safi alitazamwa kama mtu anayemwaga uji wa watoto. Maji yalitoka mtoni, mto ulikuwa bondeni, na njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda, dumu likikaa kichwani na jua la Kasese likikaa juu ya dumu. Leo vijana wanafungua bomba, wanaelekeza mpira kwenye nyasi walizozinunua kama zulia, halafu wanaweka kibao cha kukataza watu wasizikanyage. Nyasi za kutokanyagwa! Uwanja wetu ulikuwa udongo mtupu uliofagiliwa mapema, na tulirushiana na kukwepa mpira wa kwepena hapo hadi vumbi likaingia kwenye meno. Jioni tulipokula bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki wa Katwe, mchanga ulisagika mdomoni na hakuna aliyelalamika.

Msidhani hatukuwa na maua. Mama aliyapenda kupita kiasi, ila aliyafunga kwenye miili yetu. Kila mtoto alipewa ua lake kando ya nyumba, na mbele ya kila ua palikuwa na jiwe bapa la kusimamia. Ukioga, unaogea pale, na maji yakikutoka yanaingia kwenye shina. Dada yetu mkubwa, Masika, kwa kuwa alikwisha kuwa msichana wa kuposwa, alioga ndani ya kibanda cha majani ya migomba, kisha akatoka na karai lake kwenda kulimwagia waridi lake. Mimi nilikuwa na ua jekundu ambalo sikuwahi kulijua jina.

Faida kwa Mama haikuwa maji peke yake. Hakuwa na haja ya kumuuliza mtu kama ameoga. Alipita asubuhi na kikombe chake cha chai, akiyakagua maua, na ua lililolegea lilikuwa limekwisha kukushtaki.

"Kabugho, ua yako iko na kiu," alikuwa akiniambia. "Na shingo yako je?"

Ungebishana na nani? Na ua?

Aliyeteseka zaidi ni kaka yangu Masereka, mchunga mbuzi, ambaye aliyachukia maji kama mbuzi wake walivyoyachukia. Kila ua alilopewa lilikufa, na kila kifo kilikuwa na fimbo zake. Baba alikuwa askari mstaafu, na ndiye aliyetuletea nyumbani Kiswahili cha kambini. "Wewe! Panda jiwe! Oga!" Masereka alipanda jiwe akitetemeka katika joto la kuivisha yai.

Halafu siku moja alirudi kutoka machungani na mmea mgeni. Ulikuwa mshubiri mwitu, wenye majani mazito ya miiba pembeni, na alikuwa ameung'oa kwenye miamba huko juu, njia ya Mahango. Akaupanda mbele ya jiwe lake bila kusema kitu. Wiki zikapita, maua yetu yakipanda na kushuka kulingana na tabia zetu, na mshubiri ukizidi kunenepa tu. Mama akasimama mbele yake na chai yake.

"Muone Masereka," akatutangazia. "Huyu sasa amekuwa mtu. Mjifunze."

Tukamtazama Masereka. Magoti yake yalikuwa na rangi ya majivu, na nyuma ya masikio ungeweza kupanda maharage yakaota. Mimi nililala naye chumba kimoja na pua yangu ilijua kila kitu. Lakini ua lilikuwa limesema ameoga, na nyumbani kwetu ushahidi wa ua haukukatiwa rufaa.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, na ndicho alichokichagua kijana mmoja wa Bwera kuwaleta watu wake kumposa Masika. Walikuwa wafanyabiashara Wakatoliki waliotokea upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Mkuu wa ujumbe alikuwa shangazi aliyemlea yule kijana, mama ambaye sifa zake zilifika kabla yake. Kwetu wakwe hawaanzi na chakula, wanaanza na uwanja. Uwanja mkavu na mbovu maana yake binti ni mvivu, na tulisikia kwamba shangazi huyu aliwahi kugeuza gari mlangoni mwa watu kwa sababu ya magugu tu. Masika alimpenda yule kijana kwa moyo wote. Akikataa shangazi, basi, imekwisha. Dada yangu akaacha kula.

Maji nayo yakapungua. Mto ukabaki mchirizi, na Mama akatangaza kwamba sasa kuoga ni Jumamosi peke yake. Maua yakafa yote. Waridi la Masika likabaki vijiti. Mama akayapitia hana hata chai mkononi, mpaka akafika kwa Masereka. Mshubiri ulikuwa kijani kibichi, na juu umetoa ua jekundu.

"Na hii inakunywa nini?" Akachimba kwa kidole. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Akageuka. "Wewe. Tangu ulipanda hii kitu, ulioga siku gani?"

Masereka akajikuna. "Mama, wewe ulikuwa unaangalia maua. Mimi hukuniangalia."

Fimbo ikapanda hewani, ikabaki huko huko. Nilimwona Mama akivitazama vile vijiti vya waridi, kisha mshubiri, kisha Masika aliyekuwa amekaa kizingitini amekumbatia magoti. Fimbo ikashuka polepole.

"Huko mlimani iko ingine?"

"Iko mingi," alisema Masereka. "Lakini Mama, mambo ya kuoga…"

Nionyesheni mtoto wa leo anayeijua biashara kiasi hicho.

"Mpaka mvua," Mama akasema, akiwa amebana meno.

Tulipanda mlimani sote na magunia. Miiba ilituchana mapaja, na tuliporudi tulitumwa tena mtoni kubeba mawe ya mviringo na kokoto. Baba alitaka kupanga kila kitu kama gwaride. "Laini moja! Nyoosha!" Mama akamwambia, "Afande, kaa kwa kiti," akaipanga mishubiri mwenyewe kwa makundi, mirefu nyuma, mifupi mbele, akatandaza kokoto kati yake na kuacha njia iliyopinda kufika mlangoni. Tone la maji halikutumika. Sijaona tena uwanja uliopendeza vile, na nimetembea.

Siku ya wageni, Masereka alifichwa kwenye zizi la mbuzi, upande ambao upepo haukutoka. Shangazi alishuka garini na kitenge chake kikubwa, akatembea taratibu, akainama, akagusa majani, akachungulia chini ya mawe kama mtu aliyepoteza pete. Mama alimfuata nyuma hatua kwa hatua.

"Mama, na hii jua yote, maji ya kunywesha maua munatoaka wapi?"

"Hatuna shida," Mama akajibu.

"Iko muzuri sana. Ni nani alipanda?"

Baba, ambaye hajawahi kutunza siri maishani mwake, akatunisha kifua. "Masereka! Kuja hapa! Mbio!"

Mama akafumba macho.

Sasa, watu wa upande ule wakikufurahia hawakupi mkono tu. Wanakugusisha kichwa kwa kichwa, huku, huku, na huku tena. Shangazi akafungua mikono, akamvuta Masereka. Mguso wa kwanza alitabasamu. Wa pili tabasamu likaganda. Wa tatu aliutoa kwa heshima ya mila tu, pumzi akiwa ameibana. Akainuka, akaitazama mishubiri iliyonona, akamtazama mtoto, akaelewa vibaya kabisa.

"Eh, Mama Masika! Maji yote munaweka ku maua, mutoto munamunyima?"

Masika alikuwa amepiga magoti na birika la kuwanawisha wageni, na birika likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Mama akajikaza.

"Mama, hapa maua hainyweshwi, na huyu haiogeshwi. Lakini angalia, yote iko mzima."

Shangazi akamkagua Masereka tena toka utosini hadi vidoleni. Kicheko kikamtoka tumboni, akashika ukuta, kilemba kikaanguka. Masika, ambaye hakupaswa kuonyesha hata jino moja mbele ya wakwe, akaangusha birika na kucheka mpaka akakaa chini. Maji yakamwagika na hakuna aliyegombeza.

"Mutoto mwanamuke wa hii nyumba nitamubeba," alisema shangazi akijifuta machozi. "Na hii maua pia munipatie. Kwangu Bwera inakaukaka yote."

Masika akaolewa. Mvua iliponyesha, Baba alimsugua Masereka kwa burashi ya viatu, na mayowe yalifika kwa majirani.

Juzi juzi wakwe walikuja kwangu, hapa Bulembia, kumposa binti yangu. Mama hayupo tena, wala yule shangazi. Nilipanga mawe yangu, nikafagia tangu alfajiri, nikaacha mistari ya ufagio imepinda vizuri. Waliingia na magari, vioo vimefungwa, wakaegesha juu ya mistari. Walikipiga picha chakula, wakauliza namba ya siri ya intaneti, na kijana mmoja akanishauri niweke matofali ya kutandika ili magari yasichafuke. Walimkubali binti yangu kabla chai haijapoa, na ninamshukuru Mungu. Lakini nilikaa mlangoni siku nzima nikingoja angalau mtu mmoja atembee taratibu, ainame, aguse jani, atafute kosa. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, na hakuna aliyekuja kuniogopesha.